Kesi ya Namba Tatu Kaloleni

Jumamosi moja mwaka huu dada yangu aliingia chumbani nikiwa katikati ya sura, akaifunga kompyuta yangu kwa kiganja, akaniambia nivae viatu.

"Namba tatu amepata kazi Kisumu," alisema. "Amehama jana. Kesi ni leo saa kumi."

Nikavaa viatu. Kuna habari ambazo hazimruhusu mtu kumaliza sentensi yake.

Sisi wa Kaloleni tunacheza kriketi. Watu wa mitaa mingine wakisikia hivyo hucheka, kwa sababu Eastlands, upande wetu wa jiji, ni ya kandanda na hakuna anayebisha. Lakini babake kinyozi wetu alitumia ujana wake wote akikata nyasi za uwanja wa klabu moja upande wa Ngara, na kila msimu ulipokwisha alirudi nyumbani na mipira iliyochakaa na magongo yaliyopasuka. Mwanawe akarithi magongo hayo pamoja na ugonjwa wenyewe, kisha akatuambukiza sote tukiwa tumekaa kwenye kiti chake cha kunyolea. Huwezi kumkimbia mtu aliyekushikia wembe shingoni. Unasikiliza. Ukishasikiliza miaka kadhaa, unajikuta Jumapili baada ya kanisa uko kwenye uwanja ulio kando ya ukumbi wa mtaa, suruali ya ibada imekunjwa mpaka magotini, unakimbiza mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme.

Kinyozi ndiye kapteni wetu. Ndiye pia hakimu, na hapo ndipo kesi inapoanzia.

Katika kriketi wapigaji wawili huanza, mmoja huku na mwingine kule, na mmoja akitolewa anaingia wa tatu. Ni hivyo tu. Lakini hebu fikiria maisha ya huyo wa tatu. Wale wa kwanza wanajua saa yao. Wa nne na wa tano wana muda wa kunywa soda. Namba tatu anakaa amevaa pedi ya kukinga mguu tangu mpira wa kwanza, hajui kama ataitwa kabla hajafunga kamba ya kiatu au baada ya jua kuhama uwanja mzima. Anaweza kuingia kwenye sherehe, anaweza kuingia matangani, na kwa vyovyote vile anaingia kwa sababu mwenzake ameanguka. Mimi naandika riwaya, na sijapata kubuni mhusika anayeishi kwa wasiwasi mzuri kama huo.

Kwa hiyo mtaani kwetu namba tatu hateuliwi hivi hivi. Anayeitaka nafasi hiyo hajisifu. Anachagua mmoja wa wapigaji wakubwa wa dunia waliocheza namba tatu, anasimama mbele ya benchi la pale kwa kinyozi, na anamtetea huyo kuliko wengine wote. Anaweza kujisemea au kuleta mtu wa kumsemea. Benchi likipiga kura na mzee wako akashinda, nafasi ni yako, ila kuna sharti moja: siku ya mechi lazima ucheze kama yeye. Ukimsaliti mzee wako, Jumapili inayofuata unarudishwa chini. Najua si njia ya busara ya kuchagua mchezaji. Tumewahi kuchagua namba tatu aliyezungumza vizuri sana na aliyekuwa haoni mbali.

"Nitamtetea Mbabe," nilimwambia dada tukiwa njiani. Mbabe ni jina tulilompa mpigaji mmoja wa visiwa vya Karibiani. Majina yao halisi hatuyatumii; kinyozi anasema mzee ukimtetea inabidi umpe jina la nyumbani. Nilimtaja Mbabe kwa sababu dada yangu anapiga mpira kama mtu anayevunja mlango. Mikono yake imezoea majora ya vitambaa. Anashona mapazia Majengo, na akiunyanyua mkasi ule mkubwa watu hupisha.

"Hapana. Utamtetea Mvumilivu."

Nilisimama. Mvumilivu ni yule wa India, aliyeweza kukaa uwanjani kuanzia asubuhi hadi jioni bila kumpa mrushaji hata tabasamu.

"Wewe na Mvumilivu?"

"Tukimtaja Mbabe watakumbuka paa."

Alikuwa sahihi. Uwanjani kwetu ukumbi uko upande wa kushoto wa mpigaji, na mpira ukigonga paa wewe umetolewa, haijalishi umepiga vizuri kiasi gani. Ni amri ya zamani, maana mle ndani mara nyingi kuna harusi au maombi. Dada yangu ameshatolewa na paa lile mara nyingi kuliko alivyotolewa na warushaji. Ndiyo sababu alikuwa akipigia namba sita, anaingia mchezo ukiwa umeshaamuliwa, anapiga mpira mmoja mkubwa, mabati yanalia, anarudi kukaa. Alikuwa amechoka kuingia wakati watu wanakunja viti.

"Naitaka hii nafasi," alisema, na sijamsikia akisema anataka kitu kwa sauti ile. "Wewe si unaandika vitabu? Basi mwandike huyo mzee kwa mdomo."

Benchi lilikuwa limejaa. Kinyozi alikuwa na kichwa cha mtu mikononi, nusu kimenyolewa, na hakukiacha.

"Mahakama imekaa," alisema. "Simu zizimwe, isipokuwa zenye video. Na yule wa kale kabisa wa Australia asitajwe. Ukimtaja huyo umefunga mjadala, na mimi nina wateja."

Mpinzani alikuwa mmoja tu, muuza viatu wa Gikomba anayetudakia mpira nyuma ya mpigaji. Ni mtu mpole, hujaribu kiti kwa mkono kabla ya kukikalia. Alisimama, akakohoa, na huyo huyo mpole akamtetea Mbabe.

"Mbabe haingii uwanjani," alianza. "Mbabe anafika. Anatembea polepole, kola imesimama, anatafuna kitu. Mrushaji akimwona anaanza kukumbuka kwao. Wengine wakipigwa mpira wa kasi wanarudi nyuma. Yeye anasogea mbele, anauuliza mpira, unaenda wapi? Halafu anaupeleka yeye."

Benchi liliguna kwa raha. Mtu mmoja akauliza kuhusu yule mwingine wa Australia, aliyekuwa akipiga mpira wa usawa wa kichwa kana kwamba anafukuza nzi kwenye chai, na kwa muda kesi ikapotea, simu zikazunguka, watu wakabishana kama mtu huyo alikuwa jasiri au alizoea tu viwanja vigumu vya kwao. Mwingine akamleta yule wa mkono wa kushoto wa Sri Lanka, anayegusa mpira kwa ulaini hivi kwamba mtu unaona haya kupiga kelele. Hata yule aliyekuwa akinyolewa alitoa hoja.

"Mzuri kumtazama," alisema kutoka chini ya mikono ya kinyozi. "Lakini namba tatu si maua."

"Kaa sawa, buda, nitakukata sikio. Wakili wa msichana, zamu yako."

Niliomba video. Niliwaonyesha Mvumilivu akiuacha mpira upite kando ya gongo lake, na nikawaambia wasiutazame mpira, watazame mikono. Mikono inapanda, inajificha, inautoa mpira njiani kwa heshima. Niliwaambia kuuacha mpira ni kipigo, tena kipigo kinachomuumiza mrushaji zaidi, kwa sababu amekimbia kutoka mbali kuleta kitu na mtu hata hajafungua mlango. Niliwaambia Mbabe ni mkubwa, nani atakataa, Mbabe anakushindia siku nzuri. Kisha nikamtazama kinyozi.

"Mvumilivu anakushindia siku mbaya. Na sisi wa Kaloleni, mzee, tangu lini tukapata siku nzuri dhidi ya mtaa wa Ziwani?"

Mtu mwishoni mwa benchi akasema, "Huyo kijana anauma." Kura zikapigwa kwa mikono. Mvumilivu alimpita Mbabe kwa mkono mmoja, nao ulikuwa na povu la sabuni ya kunyolea.

"Msichana," kinyozi alimwambia dada, "namba tatu ni yako. Kesho nitakutazama wewe, lakini nataka kumwona yeye. Nikimwona mtu mwingine yeyote, unarudi sita, na safari hii husimami tena mbele ya benchi hili msimu mzima."

Jioni hiyo tulifanya mazoezi kwenye ujia ulio kati ya nyumba. Mimi narusha, yeye anaacha. Ilikuwa kama kumtazama mtu akijizuia kupiga chafya. Kila mpira ulipopita mabega yake yaliruka. Jirani yetu aliyekuwa akianua nguo alitutazama mpaka akashindwa kuvumilia.

"Kwani huyu msichana mbona hapigi?"

"Anajifunza kuacha, mama," nilisema.

"Basi amfundishe na yule mjomba wenu, aache pombe."

Kesho yake Ziwani walikuja mapema, wamejaa dharau na harufu ya marashi ya kanisani. Walipiga kwanza, wakapata mbio, ambazo ndizo alama za kriketi, za kutosha kututia hofu, si nyingi mno za kutukatisha tamaa. Zamu yetu ilipofika mimi nilikuwa mwamuzi, kwani timu inayopiga ndiyo hutoa mwamuzi, nikasimama nyuma ya kreti ya soda upande wa mrushaji; kwetu kreti ndizo wiketi, na mpira ukiiangusha iliyo nyuma yako umetolewa. Ndiyo maana nilisikia kila kitu.

Mrushaji wao wa kasi ni fundi wa mabomba, mrefu, anakimbia akitokea karibu na barabara. Mpira wake wa kwanza ulipita chini ya gongo la mpigaji wetu na kuiangusha kreti ya upande ule. Mpira wa kwanza. Dada yangu alikuwa bado anakaza mshipi wa pedi.

Aliingia akitembea haraka mno, akajikumbusha, akapunguza mwendo. Nilimwona akivuta pumzi.

"Sistee," fundi wa mabomba akamwambia, "paa lile pale. Unalikumbuka?"

"Linakusalimia," mwingine akadakia.

Mpira ukaja, mfupi, mzuri, ule ule unaopendwa na mabega yake. Mikono yake ikapanda, ikajificha. Mpira ukapita. Kutoka kwenye benchi letu, ambalo lilikuwa limebebwa zima zima kutoka kwa kinyozi hadi kando ya uwanja, nikasikia mtu akisema polepole, kama aliyeonja chakula, "Eeeh."

Akaacha mwingine. Akazuia mmoja, gongo limeinama, mpira ukafia miguuni pake. Akaacha. Ziwani waliona ni mzaha mwanzoni.

"Amekuja kuchunga mpira huyu."

"Leteni kiti akae, manze, miguu itamuuma."

"Fundi, mwambie akuachie namba, utampigia simu mpira ukiwa tayari."

Dada yangu, mtu anayebishana na kondakta mpaka kituo cha mwisho, anayeweza kumtukana mnunuzi na bado akamuuzia pazia, alinyamaza. Aligusa mpira pale tu ulipostahili, akakimbia mbio moja moja, akarudi kusimama mahali pale pale. Wenzetu wakaanguka upande wa pili, wengine kwa tamaa, mmoja kwa paa, na kila alipoanguka mtu yeye alitazama chini akafuta mchanga kwa kiatu. Mimi nilikuwa naona kitu ambacho sikukitia katika utetezi wangu kwa sababu sikukijua. Kuacha kulikuwa kunamchosha fundi wa mabomba. Alikuwa akikimbia kutoka umbali uleule na kurudi mikono mitupu, na mwendo wake ulianza kuburuta.

Kisha muuza viatu akaingia, akiwa na deni la kura moja moyoni. Walikutana katikati ya uwanja, mbele yangu.

"Wewe si ulimtetea Mbabe?" dada akamwambia kwa sauti ya chini. "Basi piga. Mimi nimefungwa mikono."

"Mimi nilikuwa nasema tu," alijibu. Uso wake ulikuwa umepauka. "Sijawahi kumpiga mtu hata kofi."

Nikataka kucheka, nikakumbuka mimi ni mwamuzi. Lakini jambo lilinifungukia pale, nikiwa nimeshika kofia walizonikabidhi warushaji. Huyu mwoga alimpenda Mbabe kwa dhati, na dada yangu mvunja milango alikuwa amechagua mtu wa kungoja. Pengine ndivyo tunavyowapenda wakubwa. Hatumtetei yule tunayefanana naye. Tunamtetea yule anayefanya mbele ya dunia nzima kile ambacho sisi tukijaribu hutushinda.

Muuza viatu alipata mbio kwa njia zake, mipira ya kusukuma, ya ukingo wa gongo, mmoja uligonga bega lake na kuondoka. Jua likashuka upande wa Jogoo Road. Watu waliokuwa wakipita na sinia za njugu walisimama. Harusi iliyokuwa ukumbini ilitoka nje kupiga picha ikabaki kutazama, bibi harusi ameshika shela yake isiburuzike vumbini. Tukafika ova ya mwisho, mipira sita ya mwisho ya fundi wa mabomba, na ilipobaki mitatu tulihitaji mbio nne, sawa na mpira mmoja uliofika mpakani.

Mpira wa kwanza kati ya hiyo mitatu ulikuja umenyooka, dada akauzuia. Hakuna mbio. Wa pili ulikuja juu, upande wa kushoto, na kila mtu uwanjani aliuona ukielekea kwenye paa hata kabla haujapigwa. Vidole vyake vilikaza gongo mpaka vikabadilika rangi. Akauacha.

Muuza viatu alishika kichwa. Benchi likatoa sauti moja, kama gunia linaloshushwa. "Amezidi sasa," mtu akasema. "Huo uvumilivu utatuzika."

Umebaki mmoja. Fundi wa mabomba alisimama kidogo nyuma yangu, mikono magotini, na nilimsikia akihema. Alikimbia. Labda alitaka kasi na mguu ukakataa, labda alidhani huyu mwanamke hatapiga hata akirushiwa chungwa. Mpira ulitoka mkononi mwake polepole, ukaja chini, laini, moja kwa moja kwenye miguu ya dada yangu.

Na dada yangu akafungua mlango.

Haukupanda. Ulikwenda chini chini, ukikata vumbi, ukapita kati ya ukuta wa ukumbi na tangi la maji, mtu wa Ziwani akajitupa akakosa, ukaingia kwenye mfereji ambao ndio mpaka wetu. Nne. Niliinua mkono kutoa ishara. Bibi harusi alipiga vigelegele, akafuatwa na wasindikizaji wake wote ambao hawakujua ni kwa nini.

Watu wa Kaloleni waliingia uwanjani wakikimbia, kisha wakapungua kasi, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kinyozi hakuwa amesimama. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono kifuani.

"Tumeshinda," alisema. "Hilo najua. Nauliza lingine. Ule mpira wa mwisho, ni nani aliyeupiga?"

Furaha ikakaa pembeni ingoje. Dada yangu alisimama mbele yake, jasho likitiririka, gongo mkononi.

"Ni mimi," alisema.

"Ndiyo shida yenyewe. Nilitaka kumwona Mvumilivu. Mvumilivu siku nzima, halafu mwishoni nikamwona Mbabe."

Nikafungua mdomo, dada akanizuia kwa jicho. Benchi likaanza kugawanyika. Wengine walisema sharti ni sharti. Wengine walisema mtu ashinde mechi halafu ashtakiwe, hiyo ni Kaloleni kweli. Mwingine akatoa simu atafute video ya Mvumilivu akipiga kwa nguvu, mtandao ukawa unazunguka tu.

Aliyepenya katikati alikuwa muuza viatu, pedi bado mguuni. Ikiwa dada yangu angerudishwa sita, nafasi ilikuwa yake, na kila mtu pale alilijua hilo.

"Mzee, huyo hakuwa Mbabe," alisema. "Mbabe namjua, nimemtazama tangu shule. Mbabe angeupiga ule wa kabla, ule wa juu, na tungekuwa tumetolewa saa hii. Huyu aliuacha. Nilikuwa upande wa pili, nilimwona macho. Aliuacha kwa sababu alikuwa anangoja mmoja, na hakujua kama utakuja. Ulipokuja akauchukua." Akakohoa, aibu ikamrudia. "Mvumilivu naye alikuwa anapata mbio, mzee. Alizipata wapi kama hakuwa anapiga?"

Kinyozi alimtazama muuza viatu, akamtazama fundi wa mabomba wa Ziwani aliyekuwa amesogea kusikiliza.

"Wewe uliyerusha. Unasemaje?"

"Mimi?" Fundi alifuta uso kwa shati. "Huyo amenimaliza tangu ova ya pili. Ule wa mwisho nilimpa mwenyewe, mkono ulikuwa umekufa."

Kinyozi akasimama hatimaye.

"Namba tatu abaki," alisema, na sasa ndipo furaha iliruhusiwa, ikatuangukia yote kwa pamoja. Dada alinyanyuliwa, akashushwa, akanyanyuliwa tena. Muuza viatu alimpa mkono, akamwambia atakata rufaa msimu ujao.

"Kata. Njoo na Mbabe wako."

"Nije na Mbabe? Nakuja na Mvumilivu. Nimemwona leo kwa karibu."

Dada alicheka mpaka akakaa chini vumbini, miguu ameinyoosha. Kinyozi alipopita, benchi begani, dada alimwita.

"Mzee, Jumapili ijayo ni Majengo. Naweza kubadilisha? Nimchukue mwingine, hata yule wa kushoto?"

"Hapana. Huyo ni wako mpaka msimu uishe."

Dada aliutazama uwanja, pale alipokuwa amesimama mchana kutwa.

"Sawa," alisema. "Nimeanza kumzoea."